Nataka kumpeleka mzee wangu akalale Horombo huko Kilimanjaro, alikuwa mpagazi miaka ya themanini. Vibanda vya Marangu vikoje siku hizi?

MjukuuWaKilema

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu maana hili jambo nimelibeba kichwani tangu Krismasi na kila nikitaka kuanza naona kuna kitu sikijui.

Mzee wangu ana miaka 63. Ujanani kwake alibeba mizigo ya wageni njia ya Marangu misimu kama sita hivi, baadae akapata kazi ya gereji Arusha akaachana na mlima moja kwa moja. Sasa Krismasi tulikuwa nyumbani Kilema, asubuhi mawingu yameondoka Kibo imetoka nyeupe, mzee kashika kikombe cha chai anaangalia juu akasema, "Horombo nimefika labda mara arobaini, ila kile kitanda sijawahi kukilalia." Nikamuuliza sasa ulikuwa unalala wapi, akasema jikoni, pembeni ya moto, gunia chini, blanketi moja watu wawili, moshi unauma macho mpaka kunakucha. Na kileleni hakufika hata siku moja, kazi yake iliishia kituo cha Kibo, wageni wakiondoka usiku yeye anabaki kulinda vitu na kuchemsha maji wakirudi.

Aliongea kawaida tu wala hakulalamika, ila mimi lile neno halijanitoka. Nimeshaweka hela pembeni, nataka nimpandishe yeye kama mgeni, alale ndani, aletewe chai. Kileleni sio lazima.

Ninachouliza: vitanda vinapatikanaje, na ni kweli vinaweza kuisha ukakosa? Siku ngapi zinamfaa mtu wa umri ule? Ana presha kidogo, anakunywa dawa kila asubuhi, anatembea sana tu shambani. Na kubwa zaidi, anagoma kabisa habari ya mwongozaji, anasema njia ile anaijua kuliko hao vijana. Naombeni wenye uzoefu.

TembeaTz

Aisee umenigusa. Mi nilipanda na kundi la tarehe 9 Desemba, zile safari za kukumbuka uhuru, njia hiyohiyo ya Marangu. Nikupe tu tahadhari, usimpeleke tarehe hizo kama unataka atulie, Horombo inajaa mpaka foleni ya choo asubuhi. Nenda Januari mwishoni au Februari, au subiri mwezi wa saba. Masika usithubutu.

MguuSawa

Mkuu nimesoma hii post mara mbili. Mi ni mwongozaji, nilianza na upagazi kama mzee wako nikapanda taratibu mpaka leseni, kwahiyo niruhusu niandike kirefu.

Hilo la kwenda bila mwongozaji lisahau. Hata kama anaijua njia kama shamba lake, sheria ya hifadhi ni kwamba huendi kulala kule bila mwongozaji mwenye leseni, na kila kituo kuna daftari mnaandika majina. Wewe mwambie hivi, safari hii jina lake linaandikwa kwenye daftari la wageni. Wazee wa upagazi wakisikia hilo wanakubali, maana wanajua daftari lile hawakuwahi kuligusa.

Vitanda vinalipiwa kabla, sio unafika mlangoni unauliza kuna nafasi. Malipo yote ya hifadhi yanaenda kwa kontro namba, pesa mkononi getini hawapokei. Mtanzania analipa kwa shilingi na bei yake ni ndogo mbali kabisa na ya mgeni wa nje, kwahiyo kitambulisho cha taifa asikisahau nyumbani. Na ukipewa bei na kampuni waombe wakutenganishie, ada ya hifadhi kivyake, vitanda kivyake, chakula na vijana kivyake, ukiona mtu anakupa jumla tu na hataki kufafanua achana nae.

Sasa vibanda vyenyewe. Mandara na Horombo ni vile vya mbao vya pembetatu, paa limeshuka mpaka karibu na majani, vilijengwa kwa msaada wa Norway miaka ya sabini, maana yake mzee alivikuta na ni vilevile anavyovijua kwa nje, ingawa vingine vimeongezwa na kukarabatiwa. Ndani ni padogo, vitanda vinne, kimoja kiko juu, godoro limevishwa ngozi ya plastiki ambalo usiku linakuwa la baridi kama umelalia mawe ya mtoni, ndio maana unatandika kitu chini hata kama begi lako la kulalia ni zuri. Taa za sola zipo. Chakula mnakula kwenye jengo kubwa la pamoja, meza ndefu, mnabanana na Wajerumani na Wakorea, mkifika tu mnaletewa bakuli la maji moto ya kunawa halafu chai na bisi. Kibo ni habari nyingine, nyumba ya mawe, vitanda vya dabo deka vimejazana chumbani, hakuna maji ya bomba kabisa, kila tone mnalokunywa pale kijana amelibeba kutoka chini. Ile baridi ya Kibo inatoka ukutani.

Kuhusu siku. Geti lipo kama mita 1,870, Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, yaani kila siku unapanda karibu mita elfu moja, na hapo ndipo njia hii inapowaangusha watu. Wanasema Marangu rahisi kwa sababu kuna paa na njia haina mawe mengi, miaka ile waliiita hadi njia ya Coca-Cola kwa vile soda ilikuwa inauzwa vituoni, lakini mwili haujali kama umelala kwenye hema au kitanda, mwili unahesabu mita. Kwa hiyo safari ya siku tano mi simshauri mtu, na mzee wa 63 ndio kabisa. Lala Horombo usiku mbili. Siku ya katikati mnapanda taratibu mpaka Zebra, yale mawe yenye michirizi myeupe na meusi, mnakaa kidogo, mnarudi kula mchana. Siku hiyo moja ndio inayoamua.

Na kama kileleni sio lazima, mimi ningekupangia hivi: Mandara usiku mmoja, Horombo usiku tatu, siku moja Zebra, siku ya pili mnapita maji ya mwisho mnafika Saddle, ile jangwa kati ya Mawenzi na Kibo, mnaangalia mnarudi. Halafu mnashuka. Kwa ajili ya kitanda cha Horombo hiyo inatosha kabisa na mzee atarudi nyumbani akiwa mzima.

Viatu avivae mwezi mzima kabla, shambani, sokoni, kanisani akitaka. Kiatu kipya mlimani ni adui.

Bibi_Asali

Naongezea la vitanda kwa sababu mimi limenikuta. Tulikuwa wanawake watano, kampuni tuliyoenda nayo sitaitaja, tulilipa kila kitu mapema na tukaoneshwa karatasi. Tumefika Horombo saa kumi jioni mvua imetupiga tangu tunatoka msituni, tumelowa mpaka ndani, mwongozaji anaenda ofisini anarudi uso umebadilika, anasema majina yetu hayapo kwa usiku ule, yapo ya kesho yake. Walikosea tarehe. Vitanda vyote vina watu. Tukalala kwenye ukumbi wa chakula baada ya watu kumaliza kula, tumesogeza mabenchi, na saa kumi na moja alfajiri wapishi wanaingia kupanga vikombe kwa hiyo ndio umeamka hivyo.

Yule askari wa hifadhi alitusaidia sana, alituletea magodoro mawili, lakini mwenzetu mmoja usiku ule alipata baridi ambayo haikumtoka tena na kesho yake alishuka.

Kwa hiyo kaka yangu, usiridhike na "tumeshalipia". Omba uone risiti ya hifadhi yenyewe, angalia tarehe ya kila kituo, Mandara tarehe ngapi, Horombo tarehe ngapi na ngapi, hesabu na vidole kabisa. Ni dakika tano tu.

Na kingine, mchukulie mzee kitanda cha chini. Najua inaonekana dogo ila usiku atatoka kukojoa mara tatu, nne, kule juu mwili unatoa maji sana na mnalazimishwa kunywa lita tatu kwa siku, sasa kushuka kutoka kitanda cha juu gizani, miguu imekaza, unatafuta viatu kwa kupapasa huku wenzako wamelala, halafu utembee nje kwenye baridi mpaka chooni. Tochi ya kichwani ailale nayo shingoni. Viatu aviweke mlangoni ndimi zimefunguliwa, nyuzi zimelegezwa kabisa. Mi nilijifunza kwa kuanguka.

Kamau_wa_Nanyuki

Heko sana ndugu kwa kumfikiria mzee. Mimi niko upande wa Kenya, Kili sijapanda lakini nyumba za mlima nimelala nyingi, sisi tukiingia Mlima Kenya na njia ya Sirimon usiku wa kwanza ni Old Moses mita 3,300 na wa pili ni Shipton's mita 4,200, kisha alfajiri unajaribu kilele cha Lenana 4,985. Huko kwetu ni bweni moja refu, vitanda juu kwa chini, mko ishirini mnapumua hewa moja, na mtu mmoja akikoroma mmeamka wote. Bebeni pamba za masikio, hakuna dawa ingine.

Halafu chakula usiache wazi hata kidogo. Shipton's kuna pimbi wamenenepa kwa sababu ya wageni, wanaingia jikoni kama wao ndio wamelipa, niligeuka kuchukua sukari kurudi mkate haupo. Nasikia huko kwenu ni panya na kunguru.

Kitu kimoja ambacho kilinisaidia zaidi ya jaketi la bei: jioni mpishi akichemsha maji, jaza chupa ngumu, funga sawasawa, itie ndani ya soksi uingie nayo ndani ya begi la kulalia, weka katikati ya mapaja. Unalala kama mtoto. Na asubuhi hayo ndio maji yako ya kunywa, hayajaganda. Simu na betri pia lala nazo, zikiachwa nje kwa baridi chaji inaisha yenyewe. Nguo za kutembelea zisiwe za kulalia hata kama hazijalowa, jasho likipoa ndio linakuua baridi.

MguuSawa

@Kamau_wa_Nanyuki umesema kweli, Horombo ni panya wadogo wenye mistari mgongoni, wanapita juu ya begi lako mchana kweupe, na kunguru wale wakubwa wenye doa jeupe shingoni. Nimeona kunguru akifungua zipu ya begi. Karanga na biskuti ziwekwe ndani ya kitu kigumu chenye mfuniko.

Ila chupa ziwe za kudumu, zile za maji ya dukani za kutupa hairuhusiwi kupanda nazo.

MjukuuWaKilema

Nawashukuru sana jamani, sikutegemea majibu ya hivi. Nimemsomea mzee ile sehemu ya daftari la wageni, akanyamaza, baadae akauliza, "Na mizigo yangu nani atabeba?" Nikamwambia kijana. Akasema hapana, atabeba mwenyewe. Sasa hapo ndo tumekwama, anaona aibu mtu mwingine ambebee wakati yeye ndo alikuwa mbebaji. Mnamshaurije mtu wa hivyo?

Na je mpishi anaweza kupika mtori? Mzee chakula cha kizungu hali.

MguuSawa

Mtori unapikwa, mwambieni mpishi mapema anunue ndizi Marangu Mtoni siku moja kabla, na kusema ukweli supu nzito ndio chakula kinachopita kooni kule juu, nyama ya kukaanga mtu anaiangalia tu. Asubuhi uji.

Kuhusu mzigo mwambie maneno haya kutoka kwangu. Siku hizi mzigo unapimwa getini kwenye mzani, kijana habebi zaidi ya kilo 20 za mgeni. Sio kama enzi zake alivyokuwa anabeba mpaka ngata inazama kichwani. Na huyo kijana akikosa mzigo wa mzee hapati siku hizo za kazi, nyumbani kuna watoto. Mzee akibeba mwenyewe amemnyang'anya mwenzake kazi. Yeye abebe begi dogo la maji, koti la mvua na dawa zake, basi. Bahasha ya asante mwisho wa safari aitoe mzee mwenyewe kwa mkono wake, usitoe wewe.

NesiMama

Mimi ni muuguzi, na mlimani nimefika Kibo. Kwenye presha naomba nisikilizwe.

Kwanza asiache dawa zake eti kwa sababu anapanda mlima, nimeona watu wanafanya hivyo. Pili aende kwa daktari kabla, na amwambie waziwazi anakwenda kulala mita 3,700, apimwe moyo na presha, ikiwa haijatulia safari isubiri. Tatu, watu watawaambia mnunue Diamox dukani, ile ya kuzuia kuumwa kwa ajili ya kimo. Ile ni dawa inayokojoza, na baadhi ya dawa za presha nazo zinakojoza, ukichanganya bila daktari kujua unamkausha maji mzee wa watu. Muulizeni daktari kwa jina la dawa anazokunywa, mpelekee boksi kabisa. Dawa za usingizi hapana, zinapunguza kupumua usiku. Na mbege ya kuagana isubiri mpaka ashuke.

Kuumwa kichwa kidogo Horombo ni kawaida kwa wengi, anakunywa maji, anakula, anapumzika, kinatulia. Lakini akianza kutapika, au kichwa hakisikii dawa, au anayumba kama amelewa wakati anatembea kwenye njia iliyonyooka, au anakohoa na pumzi zinakatika hata akiwa amekaa, hapo hakuna kusubiri kukuche. Anashushwa usiku huohuo. Njia ya Marangu kuna machela za tairi moja kwa kazi hiyo, na kushuka hata mita mia tano tu unaona mtu anarudi kuwa mtu. Wewe kama mwanae ndio utakuwa wa kwanza kuona hajisikii vizuri, kwa sababu yeye atakuficha. Wanaume wa hivyo nawajua, alikuwa anavumilia jikoni na moshi, hatasema anaumwa wakati umemlipia kitanda. Kila jioni mtazame anavyokula.

MzeeWaMeru

Wengine hawapendi Kili kwa sababu ya watu wengi. Mlima Meru vibanda ni vizuri na vimetulia, Miriakamba mita 2,514 na Saddle (sio ile ya Kili) mita 3,570, mnatembea na askari mwenye bunduki sababu ya nyati, asubuhi twiga wapo. Ila najua mzee wako anaitaka Horombo sio kitanda chochote, kwa hiyo nimetaja tu kwa faida ya wengine watakaosoma.

TembeaTz

Intaneti Horombo ipo tangu 2022 waliweka ya kasi, kwa hiyo mama nyumbani anaweza kumuona mzee kwa video.

MjukuuWaKilema

Wakuu nimerudi, samahani nimekaa kimya miezi. Tumeenda, tumeshuka juzi jumapili. Niliahidi kuleta mrejesho.

Daktari aliruhusu, alimbadilishia dawa moja. Tulifuata mpango wa @MguuSawa wa usiku tatu Horombo. Risiti nilihesabu tarehe na vidole kama dada @Bibi_Asali alivyosema na nikakuta kweli wameandika Horombo usiku mbili badala ya tatu, wakarekebisha siku hiyohiyo. Hiyo peke yake imetuokoa.

Getini alisimama muda mrefu mbele ya lile bamba la ukumbusho, lenye jina la Yohani Lauwo anayesemekana aliwaongoza akina Hans Meyer, Wazungu wa kwanza kufika kileleni, 1889. Alimuona mzee Lauwo kwa macho yake akiwa mtoto, alisema alikuwa akipita barabarani watu wazima wanasimama kumsalimia. Hilo sikuwahi kulisikia.

Mandara tulifika saa tisa, mbega wapo juu ya miti, akaniambia babu yake alikuwa anapaita Bismaki, jina la enzi za Wajerumani, mpaka anakufa. Usiku hakulala vizuri, nilimsikia anageuka geuka. Kesho yake tumepita Whona, pale moto wa 2020 ulipoanzia, kuna sehemu bado mashina meusi yamesimama na majani mapya chini yake, alitembea pale bila kuongea. Mwendo wake ni wa polepole kweli, mikono nyuma, vijana wenye mizigo wanatupita wanamwamkia shikamoo mzee, na yeye kila mmoja anamwitikia na kumuuliza wa kwa nani wewe, kwa hiyo safari ya saa sita ikawa ya saa nane. Wawili kati yao aliwajua baba zao.

Horombo. Mwongozaji akatupeleka ofisini, mzee akavua kofia ya kininja, akapewa kalamu. Jina akaandika, umri akaandika, kufika kwenye kazi akasita. Mi nilijua ataandika fundi magari, amefanya miaka thelathini. Akaandika mpagazi. Askari akamtazama, akamwambia mzee karibu sana, akatoka yeye mwenyewe kutuonesha kibanda.

Ndani alipitisha kiganja kwenye mbao za ukuta, akabonyeza godoro, akakaa. Akaniambia, "Haya nilikuwa nayabeba kuyaanika." Ikaja chai na bisi, akala bisi moja moja kama anazihesabu. Halafu baada ya mtori (mpishi aliuweza!!) nikageuka sikumuona. Nikatafuta chooni, ukumbini, nikaanza kuingiwa na hofu, nikakumbuka maneno ya @NesiMama. Kumbe yuko jikoni kwa wapagazi, amekaa kwenye ndoo imegeuzwa, anawasimulia na wao wanacheka mpaka machozi, wamempa ugali na dagaa juu ya mtori alioshakula. Nikamwambia baba twende ukalale baridi inaingia, akasema nakuja. Amekuja saa nne usiku ananuka moshi mwili mzima, akaingia kitandani na ile chupa ya moto ya @Kamau_wa_Nanyuki, na dakika mbili nyingi alikuwa ameshalala. Hivyo hivyo usiku zote tatu. Nilichojifunza ni kwamba kitanda alikitaka kweli, lakini na jikoni alikukumbuka, na mimi nilikuwa nimepanga safari nzima kumwondoa kule.

Siku ya Saddle tulitoka saa moja asubuhi. Tukapita maji ya mwisho, nyasi zikaisha, kukabaki mchanga na mawe na upepo. Akasimama. Kwa mbali ukiangalia unaiona nyumba ya Kibo kama kijiwe, na juu yake ile njia ya changarawe inapanda kwenda Gilman's, kwenye ukingo wa kreta. Nikamuuliza kichwa vipi, akasema kinagonga kidogo tu, na nilikuwa nimeshamuona anapepesuka mara moja. Mwongozaji nae aliona. Hatukubishana, mzee mwenyewe akasema turudi, pale napajua, nilishachemsha maji mengi sana pale. Tukarudi, na kufika Horombo kichwa kikatulia akala.

Bahasha alitoa yeye. Kijana aliyembebea begi alimpa na glavu zake, zile mpya nilizomnunulia Moshi, hata hakuniuliza.

@Bibi_Asali kitanda cha chini alipata. @NesiMama presha tumepima jana kituo cha afya ipo sawa, na daktari tunarudi kwake wiki ijayo. Picha nitaweka kesho, nyingi ziko kwenye simu ya mwongozaji.